Wadudu Wakisema: Upatanisho wa Kisarufi na Kicheko katika Filamu ya Katuni

Mwaka 1998 studio ya Pixar ya Marekani ilitoa filamu yake ndefu ya pili, A Bug's Life, iliyoongozwa na John Lasseter akisaidiwa na Andrew Stanton. Huku kwetu inajulikana zaidi kwa jina lake la Kifaransa, 1001 pattes. Ni kichekesho cha familia. Sisimizi wanalazimishwa kila mwaka kuwakusanyia panzi chakula. Mmoja wao, Flik, anakwenda mbali kutafuta mashujaa wa kuwatetea wenzake, na bila kujua anarudi na kundi la wasanii wa sarakasi.

Katika makala hii sikusudii kuhakiki filamu. Nataka kueleza swali moja tu: mdudu akisema Kiswahili, sarufi inamweka wapi? Watoto wa mitaa yetu wanacheka kwa Kiswahili, lakini katuni wanazisikiliza kwa Kifaransa. Siku mmoja wetu atakapopewa kazi ya kuitia filamu kama hii sauti za Kiswahili, kamusi haitamtosha. Atahitaji kujua lugha yake inawaheshimu wadudu kwa njia gani, na inawadharau kwa njia gani.

Jina la wahusika

Uamuzi wa kwanza ni wa msamiati. Kifaransa kina "fourmi" moja, sisi tunao sisimizi, siafu na wengineo. Anayechagua siafu ataiua hadithi kabla haijaanza. Kila mtu hapa anajua kwamba siafu wakiingia nyumbani usiku, wenye nyumba ndio wanaotoka. Nani ataamini kwamba jeshi la siafu linatetemeka mbele ya panzi? Sisimizi anafaa: ni mdogo, anabeba mbegu, hana sifa ya kutisha.

Mdudu ni "a-" na "wa-"

Majina sisimizi, panzi na nyuki yana umbo la ngeli ya N, kama nyumba na nguo. Hata hivyo tunasema "nyumba hii inaanguka" lakini "panzi huyu anaanguka". Kiumbe chenye uhai huchukua upatanisho wa mtu. Kiingereza cha kila siku humwita mdudu kwa kiwakilishi cha kitu, na ili mdudu awe mhusika wa filamu lazima kwanza apandishwe cheo, aitwe kama mtu. Katika Kiswahili cheo hicho anacho tayari. Ndiyo maana tukisikia "panzi akasema", sarufi haishtuki. Sungura na fisi wa ngano zetu walipita mlango huohuo.

Jambo la pili ni jinsia. Katika maumbile, sisimizi wafanyakazi wote ni wa kike. Filamu imewachanganya, na Flik ni mwanamume. Kifaransa kinabanwa hapa, kwa kuwa "fourmi" ni nomino ya kike. Tuliosomeshwa La Fontaine tunakumbuka kwamba katika ngano yake maarufu ya mwaka 1668 wahusika wote wawili ni wa kike, kwa sababu majina yao ya Kifaransa ni ya kike. Kiswahili hakina mzigo huo. "Sisimizi anafanya kazi" haisemi kama ni kaka au dada.

Lakini uhuru huo una bei yake, na bei hiyo inalipwa kwenye mzaha mmoja mkubwa wa filamu. Francis ni kidudu chekundu chenye madoa meusi, na ni dume lenye hasira. Kwa Kiingereza jina la aina yake lina neno la "bibi" ndani yake, basi kila mtu anamdhania kuwa mwanamke, naye yuko tayari kupigana. Kifaransa kinaokoa sehemu ya mzaha kwa sababu "coccinelle" ni nomino ya kike. Kiswahili hakina upatanisho wa kike. Je, mzaha umekufa?

Sidhani. Sisi tunaonyesha jinsia kwa namna ya kumwita mtu. Nzi wa sarakasi wampigie kelele, "Jambo, mama!", naye ajibu kwa sauti nzito, "Mama yako nani? Mimi baba!" Mtoto wa Bukavu au Lubumbashi atacheka bila kufafanuliwa. Na baadaye, sisimizi wadogo wanapomfanya mlezi wao, waendelee kumwita mama, naye polepole aache kukataa. Mzaha umehama kutoka kwenye nomino ukaenda kwenye salamu, mahali ambapo Kiswahili kina nguvu.

Dharau iko wapi?

Mkuu wa panzi, Hopper, anawadharau sisimizi. Mfasiri atafanyaje dharau hiyo isikike? Kiswahili sanifu kinampa KI/VI: "kidudu hiki kinasema nini?" Tuwe waangalifu: kiambishi cha nomino peke yake hakitukani. Heimlich, yule kiwavi mnene anayengoja kuwa kipepeo, ana majina mawili ya "ki-", lakini tunasema "kiwavi anakula" na "kipepeo anaruka", bila kumvunjia heshima. Tusi linaingia pale upatanisho unapobadilika: "kinakula", "kinaruka". Kwa silabi moja, kiumbe kinatolewa kwenye safu ya watu na kuwekwa kwenye safu ya vitu.

Kiswahili cha Kivu na Katanga kina njia nyingine, ambayo sanifu haina: KA/TU. "Katoto kanalia, tutoto tunalia." Kiambishi hiki kina nyuso mbili. Mama akisema "katoto kangu" anabembeleza. Adui akisema "kadudu haka" anatukana. Sauti na uhusiano wa wasemaji ndio huamua. Tena kina historia yake. "Kadogo" ni neno la upendo nyumbani, lakini katika vita vya 1996 na 1997 lilikuwa jina la watoto waliobebeshwa bunduki. Kwa hiyo binti mdogo wa malkia, Dot, ambaye mabawa yake hayajakomaa, aitwe "kadada", asiitwe "kadogo". Mfasiri kutoka nje hatalijua jambo hilo, sisi tunalijua.

"Tududu tunakuja"

Nifike sasa kwenye jambo lililonisukuma kuandika. Katika onyesho moja panzi wenzake wanamwuliza Hopper kwa nini warudi kwa sisimizi ilhali chakula kipo. Anawarushia punje moja: haiumizi. Kisha anafungulia punje zote, zinawafunika. Anawaeleza kwamba sisimizi ni mia kwa kila panzi mmoja, na siku wakilitambua hilo utawala umekwisha. Mwishoni wanalitambua, nao wanasonga mbele pamoja.

Tumpe Hopper KA/TU tangu mwanzo: "kale kadudu", "tule tududu". Wakati sisimizi wanaposonga, panzi mmoja apige kelele kwa hofu: "Tududu tunakuja!" Upatanisho wa ngeli hiyo ni "tu-". Lakini "tu-" ni pia kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi. Maneno yaleyale yakirudiwa na sisimizi wenyewe yanakuwa na maana nyingine: sisi tududu, tunakuja. Tusi limegeuka kuwa "sisi". Hakuna silabi iliyobadilishwa. Aliyebadilika ni msemaji. Kiingereza cha filamu hakina mchezo huo, wala Kifaransa, wala "vidudu vinakuja" ya sanifu.

Mtu anaweza kupinga kwamba tukimpa mwovu Kiswahili cha nyumbani na malkia kile cha vitabuni, tutawafundisha watoto kwamba lugha ya mama zao ni lugha ya wahuni. Pingamizi hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba KA/TU isiachwe mikononi mwa Hopper peke yake. Flik aitumie kwa Dot kwa upole, na sisimizi wote waitumie siku ya ushindi. Hapo mtoto atasikia kiambishi kimoja kikitukana, kikibembeleza na kikikomboa.

Tangu shule ya sekondari, "ka-" na "tu-" zimefutwa kwa kalamu nyekundu katika insha zetu, na katika insha rasmi kanuni hiyo ina sababu zake. Lakini mfasiri hafasiri insha. Anafasiri sauti za viumbe wanaoogopa, wanaotania na wanaoasi, naye anahitaji viambishi vyote alivyonavyo. Nawaalika wenzangu wa idara ya tafsiri wachukue dakika tano za filamu hii, au ya nyingine inayofanana nayo, wazitafsiri mara mbili, kwa sanifu na kwa Kiswahili cha mtaani mwao, kisha wazisome mbele ya watoto. Watoto watatuonyesha wanacheka wapi.