Injini Mpya Inakula Oili: Usikubali Kukatwa Kabla ya Kupima

Ndugu dereva, pikapu ya kazini imetoka gereji, injini imefumuliwa na kutiwa ringi mpya, lakini oili bado inapungua kila siku. Wa kwanza kushukiwa ni wewe: eti umeiuza. Basi gari lenyewe litoe ushahidi.

Kagua chini ya injini. Pakiwa pakavu, huenda oili inaungua ndani. Mwenzako akufuate kwa gari jingine barabara ya Arua kwenda Koboko. Ukipita Manibe na mzigo, na moshi wa buluu unatoka mfululizo, shuku ringi au silinda. Moshi ukitoka asubuhi tu unapowasha, au unapokanyaga mafuta baada ya mteremko, shuku sili za valvu.

Kwa injini ya petroli, toa plagi zote upime kompresheni. Silinda iliyo dhaifu itie kijiko cha oili, upime tena. Kipimo kikipanda sana, ringi hazizibi. Kisipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi.

Fundi atasema ringi zitajizoesha. Ni kweli, kilomita 1,000 za mwanzo oili hupungua kidogo. Lakini kama silinda iliachwa laini kama kioo, bila kukwaruzwa kwa jiwe lake, hata ukingoja mwaka hazitakaa.

Kila unapoongeza oili andika tarehe, kilomita na kiasi, msimamizi atie sahihi. Karatasi hiyo mpe mwakilishi wa chama kabla hujakubali kukatwa hata shilingi moja.