Baridi Yabisi Ina Moto

Msomaji wa Msangano, wilayani Momba, anauliza: mama mkwe wake amevimba vifundo vya vidole tangu msimu wa kupanda mpunga, asubuhi hawezi kushika mwiko mpaka jua lipande, lakini picha ya eksirei inaonyesha mifupa mizima. Anaumwa au haumwi? Anaweza kabisa kuwa anaumwa, na eksirei isijue. Tangu Wilhelm Röntgen alipopiga picha ya mkono wa mkewe, pete ikiwa kidoleni, tarehe 22 Desemba 1895, kazi kubwa ya mashine hiyo imekuwa kuonyesha mfupa na chuma. Nyama laini huionyesha kwa shida. Ugonjwa ninaoushuku, baridi yabisi, huanzia humo kwenye nyama laini. Utando mwembamba ulio ndani ya kiungo hunenepa, kisha huanza kuula mfupa pembeni, pale ambapo gegedu haliufuniki. Shimo linapofika kuonekana kwenye eksirei, ulaji umekwenda miezi, pengine miaka.

Jina nalo limechangia kutupoteza. Baridi yabisi: yabisi ni kavu, gumu, na ugumu wa asubuhi upo kweli. Hiyo baridi ndiyo inayomfanya mgonjwa atafute soksi na mafuta ya kuchua, wakati kiungo chake kimejaa joto na damu. "Inflamesheni" wanayosema waganga haimwambii mkulima kitu. "Uvimbe" ni pana mno, maana hata jipu ni uvimbe. Napendekeza mwako, kutokana na kuwaka: mwako wa viungo. Lina wingi wake, miwako, na linasema hasa kinachotokea.

Mwako huo altrasaundi huuona. Utando unaowaka huotesha mishipa mipya ya damu, myembamba sana, na damu ipitayo humo hujulikana kwa sauti. Christian Doppler wa Austria alieleza kanuni yake mwaka 1842. Simama kando ya reli ya TAZARA pale Tunduma: treni ikija kutoka Mbeya honi yake ni kali, ikishakupita kuelekea Nakonde honi ileile inakuwa nzito, na dereva hajabadili chochote. Sasa fikiria ni usiku, huoni kitu, barabarani kuna pikipiki zinazokwenda na malori yaliyosimama foleni ya mpaka, yote yanapiga honi. Honi ambazo hazibadiliki ni za malori, ziache. Zinazobadilika, zijumlishe nguvu zake. Hujali ipi inakwenda Zambia na ipi inarudi Vwawa, wala ipi ina kasi zaidi. Unapima tu wingi wa vinavyotembea. Kipimo cha altrasaundi kiitwacho Dopla ya nguvu hufanya hivyo hivyo. Chembe nyekundu za damu hazina honi, lakini hurudisha mwangwi wa sauti ya mashine, na mwangwi uliobadilika huchorwa kwenye skrini kama doa la rangi ya chungwa. Kifundo kizima hakina doa, au kina dogo sana. Kinachowaka kimetapakaa madoa. Tena mpimaji hatakiwi kugandamiza: akibonyeza kidole, mishipa hiyo hulala, damu husimama, na doa hutoweka mbele ya macho yake. Ndiyo maana hupaka jeli nyingi na kuiacha mashine iguse jeli kuliko ngozi.

Atasema mtu kwamba altrasaundi ni ya wajawazito. Mashine inaweza kuwa ileile. Kinachobadilika ni kichwa chake, kwa kuwa vidole vinahitaji kile bapa chenye sauti ya juu, megahezi 10 na zaidi. Wengine watasema eksirei inatosha. Mwaka 2000 watafiti wa Leeds, Uingereza, walichapisha ulinganisho wa vifundo vya vidole vya wagonjwa 100 wa ugonjwa huu: eksirei ilikuta mashimo 32, altrasaundi 127. Hayo ni mashimo ya mfupa, ambayo eksirei ndiyo inayotegemewa kuyaona. Ni kweli doa halitaji jina la ugonjwa, kwani hata chikungunya, iliyotambuliwa kwa Wamakonde mwaka 1952, huwasha vidole. Vipimo vya damu na mikono ya daktari humalizia.

Kwa hiyo, msomaji wetu, mrudishe mama kwa daktari, na ikibidi mwombe rufaa ya Mbeya. Taja muda ambao vidole hukaa vigumu asubuhi. Ukizidi nusu saa, sema hivyo. Kisha uliza kama vidole vyake vinaweza kupimwa kwa altrasaundi yenye Dopla, na usisubiri mavuno.