Watoto wa Dunedin

Mtu akitaka kujua tabia ya kijana ilianzia wapi, kwa desturi humwendea mama yake akamwuliza. Mama hujibu kwa moyo mweupe. Lakini kumbukumbu hupunguza na kuongeza, wala mwenyewe hatambui.

Kwa hiyo wataalamu wa mji wa Dunedin, katika New Zealand, waliishika njia iliyo ndefu. Waliwaandika watoto 1,037 waliozaliwa mjini humo kati ya Aprili 1972 na Machi 1973, wakaanza kuwapima walipotimia miaka 3. Kisha miaka 5, 7, 9, na kuendelea hata wakapita miaka 45. Hupimwa meno, mapafu na damu. Huulizwa habari za kazi, ndoa, hata makosa yao mbele ya sheria. Waliohamia ng'ambo hulipiwa nauli warudi, kwani wakipotea wenye taabu, hesabu ya waliobaki itadanganya. Katika mwaka wao wa 38, watu 961 walipimwa kati ya 1,007 waliokuwa hai.

Walipokuwa na miaka 18 waliulizwa habari za utoto wao, majibu yakalinganishwa na daftari za zamani. Kimo na kuhama nyumba vilikumbukwa vema kiasi. Bali ugomvi wa nyumbani na huzuni ya mama havikupatana na yaliyoandikwa.

Tena mwaka 1993 Bibi Terrie Moffitt alieleza kwamba vijana wavunjao sheria ni wa namna mbili: wachache walioanza tangu utotoni, na wengi walioanza ujanani tu, ambao kwa kawaida huacha wakisha kukomaa. Katika umri wa miaka 15 wote huonekana sawasawa, na mwalimu asiyejua yaliyotangulia huwaandikia wote neno moja.

Mwaka 2011 ikatolewa habari nyingine: watoto waliokuwa hawawezi kujizuia, walipofika miaka 32, walizidiwa na wenzao kwa afya na kwa fedha, hata wakilinganishwa na wenye akili na hali sawa nao. Lakini, na neno hili nalipenda kuliko mengine, waliojifunza kujizuia baadaye walifanikiwa kuliko ilivyotazamiwa.

Basi, wengi wa watu wale ni wa asili ya Ulaya, wala kipimo chao hakitoshi kwa watoto wote. Katika Soweto na Johannesburg, Afrika Kusini, kazi kama hiyo ilianzishwa kwa watoto waliozaliwa mwaka 1990, mwaka ule Nelson Mandela alipotoka gerezani.