Mgongo wa Mama ni Sehemu ya Tiba

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anapofikishwa kliniki hupimwa uzito, misuli yake huchunguzwa kama imekakamaa au imelegea, kisha mama huelekezwa mazoezi ya kumfanyisha nyumbani. Mama mwenyewe hapimwi. Haulizwi kama anapata usingizi, wala mgongo umeanza kumsumbua lini. Utaratibu huo unaonekana wa haki, kwa kuwa aliyeletwa kutibiwa ni mtoto. Lakini ulemavu wa namna hii hauishi kwa dozi ya wiki mbili. Tiba yake ni kunyoosha viungo, kulisha, kugeuza na kubeba, kila siku na kwa miaka, na mara nyingi anayeifanya kazi hiyo ni mama. Kwa hiyo afya yake ni sehemu ya matibabu ya mtoto, na ushahidi uliopo unaonyesha kwamba mengi yanayoidhoofisha yanaweza kurekebishwa hata pale ulemavu wenyewe usipoondoka.

Wanaohusika si wachache. Utafiti uliofanywa Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, ukiongozwa na Angelina Kakooza-Mwesige na kuchapishwa mwaka 2017, ulikadiria karibu watoto 3 wenye mtindio wa ubongo katika kila watoto 1,000. Chanzo ni jeraha katika ubongo unaokua: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Jeraha lenyewe halienei, ila misuli iliyokakamaa huendelea kuvuta viungo, na uzito wa mtoto huongezeka mwaka hadi mwaka. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, imeweka kilo 23 kuwa kikomo cha mzigo wa kuinua katika mazingira bora kabisa: mzigo ushikike vizuri, uwe karibu na mwili, na mwinuaji asiiname wala kujipinda. Kila sharti linapokosekana, kikomo hushuka. Mtoto anayeinuliwa kutoka kwenye mkeka, huku misuli ikimkakamaa ghafla na kumrusha nyuma, huyavunja masharti hayo karibu yote kwa pamoja, hata kama ana kilo 15 tu. Ndiyo maana matokeo ya Jo-Anne Geere na wenzake, waliochunguza walezi wa watoto wenye ulemavu wa viungo huko Kilifi, Kenya, na kuchapisha kazi yao mwaka 2013, yanastahili kusomwa na kila mhudumu wa afya: walezi walilalamikia maumivu ya mgongo, na kazi za kuinua na kubeba zilitajwa miongoni mwa vyanzo.

Madhara hayaishii mgongoni. Katika jimbo la Ontario, Kanada, watafiti waliwalinganisha walezi 468 wa watoto wenye mtindio wa ubongo na watu wengine nchini humo, na mwaka 2004 wakaripoti kwamba walezi walikuwa na dhiki zaidi ya kihisia, na pia maradhi zaidi ya mwili, yakiwemo maumivu ya mgongo, kipandauso na vidonda vya tumbo. Mwaka huohuo Elissa Epel, Elizabeth Blackburn na wenzao walichapisha uchunguzi wa wanawake 58 nchini Marekani, wengi wao wakiwa mama wa watoto wenye maradhi ya kudumu. Walipima telomea, yaani ncha za kromosomu ambazo hufupika kadiri seli zinavyogawanyika. Miongoni mwa walezi, miaka mingi zaidi ya ulezi iliambatana na telomea fupi zaidi, hata baada ya umri wa mama kuzingatiwa. Idadi hiyo ni ndogo na haitoshi kuhitimisha jambo peke yake, lakini matokeo yake yanaelekea upande uleule wa yale ya Ontario: msongo wa miaka mingi huacha alama mwilini.

Msomaji makini atauliza kama ulezi ndio unaosababisha haya. Huenda umaskini ndio unaomchosha mama, au uzazi mgumu uliomuumiza mtoto ulimwachia na yeye majeraha. Swali hilo ni halali, na tafiti zinazopima watu mara moja tu haziwezi kulijibu kikamilifu. Hata hivyo, wachunguzi wa Ontario walipochambua zaidi mwaka 2005 kinachotofautisha mlezi mwenye afya na asiye nayo, mambo yaliyojitokeza kuwa na uzito mkubwa yalikuwa tabia ya mtoto, wingi wa kazi za ulezi, na jinsi familia inavyoshirikiana. Kazi zinaweza kupunguzwa na familia inaweza kusaidiwa. Na ikiwa umaskini nao ni chanzo, hiyo ni sababu ya kuongeza msaada.

Kilifi yenyewe imetoa mfano. Vikundi vya kusaidiana vya walezi viliundwa huko, wanachama wakiweka akiba, wakianzisha miradi midogo na kufundishana malezi. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2020 ilionyesha walezi wakijiona na uwezo zaidi na kuungwa mkono zaidi na jamii. Si vikundi vyote vilivyodumu, kwa hiyo kikundi pekee si suluhisho. Lakini mama aliyekuwa akiambiwa kwamba mtoto ni laana au matokeo ya kosa lake hupata mahali ambapo anaaminiwa.

Wengine watasema ndugu wapo, na kwamba mama zetu ni imara. Ndugu kweli husaidia, lakini mama anayelaumiwa, au aliyeachwa na mume kwa sababu ya mtoto, hawezi kuwategemea walewale wanaomnyooshea kidole. Uimara nao hauzuii pingili kuchakaa. Kumpenda mtoto na kuumwa mgongo hukaa katika mwili mmoja, na kumsifu mama kwa uvumilivu bila kumpunguzia mzigo ni kumtelekeza kwa maneno matamu. Pingamizi zito zaidi ni la bajeti: hospitali ambazo hazina wataalamu wa kutosha wa mazoezi ya viungo zitamhudumiaje na mama? Jibu ni kwamba mama anapolemewa, mazoezi hukatika, kliniki hurukwa na lishe hudorora, na fedha iliyokwisha kutumika kwa mtoto hupotea.

Mengi ya kuanzia si ghali. Maswali matatu kuhusu usingizi, maumivu na huzuni yaingizwe kwenye kadi ya kliniki. Mama afundishwe kuinua kwa kupiga magoti na kumkumbatia mtoto karibu na kifua, siku ileile anapofundishwa mazoezi. Kiti maalumu cha kukalia kipewe uzito sawa na dawa, kwa kuwa humsaidia mtoto kula vizuri na humpumzisha anayemshikilia. Kenya hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zilizoandikishwa zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Ni mwanzo wa maana, lakini kiasi hicho kiongezwe na kikokotolewe kwa kuzingatia pia kipato ambacho mlezi hukikosa kwa kushindwa kwenda shamba au sokoni. Mpango wowote wa kumhudumia mtoto mwenye ulemavu uanze kuhesabiwa haujakamilika mpaka uoneshe umempangia nini mama yake.