Mwanafunzi wa Miaka 29

Tamthilia ya Beverly Hills, 90210 ilipoanza kuonyeshwa Marekani, Oktoba 1990, Gabrielle Carteris alikuwa na miaka 29. Aliigiza msichana wa sekondari. Luke Perry, aliyewatia wasichana wazimu, alikuwa anagonga 24. Si kwamba vijana wenye kipaji waliadimika. Sheria za California hubana saa za kazi za aliye chini ya miaka 18, na studio inayomtumia lazima iweke mwalimu wa kumfundisha hapohapo. Mtu mzima unampiga picha hadi usiku wa manane, hakuna wa kukuuliza. Basi mtazamaji wa mbali huzoeshwa mwili uliokomaa, uso usio na chunusi hata moja na ulimi usiobabaika mbele ya mrembo, akaamini ndivyo alivyo Mmarekani wa miaka 16.

Hata shule ile haikuwa Beverly Hills. Majengo tuliyoyaona ni ya Torrance High School, shule ya umma katika mji mwingine kabisa, na miaka michache baadaye yaleyale yakawa shule ya Sunnydale katika Buffy the Vampire Slayer, yenye wanyonya damu.

Profesa George Gerbner wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alishikilia kwamba anayetazama televisheni kupita kiasi huishia kuiona dunia kama inavyochorwa humo. Aliwachunguza Wamarekani, lakini kwa maoni yangu hoja yake inawabana zaidi walio nje. Kijana wa Ohio ana shule yake ya kulinganishia. Wa Manila au Mombasa ana tamthilia tu.

Cha kuchekesha, wageni hushuku yaliyo kweli: basi la njano, makabati ya chuma kwenye korido, vikombe vyekundu vya plastiki kwenye sherehe. Vyote vipo. Uongo uko kwenye saa. Kwenye tamthilia wapenzi hukorofishana, hulia na kupatana kabla ya kengele. Katika shule halisi una kama dakika tano za kutoka darasa moja hadi jingine, begi mgongoni, na choo hujapita.

Kuhusu mapenzi, skrini na maisha vimekwenda njia tofauti. Katika utafiti unaofanywa kila baada ya miaka miwili na CDC, taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, asilimia 54 ya wanafunzi wa sekondari mwaka 1991 walisema wameshawahi kufanya ngono. Mwaka 2019 walikuwa 38. Katikati hapo ilipita Gossip Girl, tamthilia iliyojaa mapenzi ya wanafunzi, na mwaka huohuo wa 2019 HBO ikaleta Euphoria, ambayo wazazi wengi huitaja wakilalamikia vijana wa Kimarekani. Asili yake ni tamthilia ya Israel yenye jina hilohilo.