Je, Wajua? Kitanzi cha Tyburn

Je, wajua kwamba London iliwahi kuwa na mti wa kunyongea wenye pembe tatu? Ulisimikwa Tyburn mwaka 1571, karibu na ilipo Marble Arch leo. Mwaka 1649 walining'inizwa hapo watu 24 kwa mpigo mmoja.

Je, wajua kwamba nguo za aliyenyongwa zilikuwa mali ya mnyongaji? Hannah Dagoe, mwizi aliyehukumiwa mwaka 1763, alikataa katakata. Juu ya mkokoteni alijifungua mikono, akampiga mnyongaji ngumi ya kifua iliyomyumbisha, akavua kofia na nguo moja moja na kuurushia umati. Mnyongaji akatoka kapa. Mwanamke huyu hakuachiwa chochote isipokuwa hizo nguo, na alijua za kumpa nani.

Lodi Ferrers alikwenda Tyburn mwaka 1760 amevaa suti yake ya harusi, kwa kosa la kumuua msimamizi wa mali zake. Watu walisimulia kwamba kwa heshima ya cheo alinyongwa kwa kamba ya hariri.

Je, wajua kuhusu kengele ya usiku wa manane? Mwaka 1605 Robert Dow alilipa pauni 50 ili kengele ya mkono igongwe nje ya seli za gereza la Newgate usiku wa kuamkia kunyongwa, pamoja na maneno ya kuwahimiza wahukumiwa watubu. Alikusudia wema, lakini ni ukatili kumnyima mtu usingizi wake wa mwisho. Kengele hiyo bado imo katika kanisa la St Sepulchre.

Mkono wa maiti nao uliaminiwa kuwa dawa. Wenye rovu na uvimbe walipanda jukwaani, wakamlipa mnyongaji, naye akaushika mkono ule ungali na joto na kuupitisha penye ugonjwa. Akina mama walileta hata watoto wachanga. Imani hiyo ilidumu hadi karne ya 19.

Na je, wajua kwa nini chini ya mti ule ndugu wa walionyongwa walipigana na watu wa madaktari wapasuaji waliotaka kuchukua maiti? Ndugu walitaka maziko, lakini pia walikuwa na tumaini kwamba mtu wao huenda bado yu hai. Mwaka 1705 John Smith alikuwa ameshaning'inia yapata robo saa msamaha ulipofika. Kamba ikakatwa, akazinduka.