Kingdom Hearts: Utamu Wake na Udhia Wake

Wakubwa wana ada ya kuidharau michezo ya vijana, hasa hii ya video inayochezwa mbele ya televisheni, na mwandishi wa safu hii hadai kwamba amesalimika na ada hiyo. Lakini usiku mmoja hivi karibuni, baada ya sala ya Isha, tulikuwa tumeketi barazani tukipunga upepo, mara tukasikia kutoka ukumbini mabishano ya vijana wetu wawili. Mmoja ni binti wa kaka yangu, mwalimu wa skuli, ambaye sasa ni mama wa watoto. Wa pili ni mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 17. Walikuwa wakibishana juu ya mchezo uitwao Kingdom Hearts, na kila mmoja akileta hoja na ushahidi wake kwa utaratibu ambao aghalabu twaukosa katika mikutano ya watu wazima. Tukaingia ndani tukaomba tusomeshwe.

Yafaa kwanza msomaji aelezwe asili ya jambo lenyewe. Mchezo huu ulitolewa nchini Japani tarehe 28 Machi 2002, kwa mashine ya PlayStation 2. Waliouunda ni kampuni ya Square ya Tokyo, iliyokuwa imejijengea jina kwa mfululizo wake wa Final Fantasy tangu mwaka 1987, kwa ushirikiano na kampuni ya Disney ya Marekani. Yasimuliwa kwamba kampuni hizo mbili zilikuwa na ofisi katika jengo moja, na kwamba Shinji Hashimoto wa Square alikutana ndani ya lifti na mkubwa mmoja wa Disney, yakaanza mazungumzo yaliyozaa mradi huu. Uongozi akakabidhiwa Tetsuya Nomura, mchoraji aliyewabuni watu wa Final Fantasy VII, ambaye hakuwa amewahi kuongoza mchezo mzima kabla ya hapo.

Ni mchezo wa aina ile ambayo mchezaji huvaa nafsi ya mtu wa hadithi, akasafiri naye, akapigana kwa mikono yake, na kumwona akipata nguvu kidogo kidogo. Ajabu yake ni mchanganyiko wa watu waliomo. Bata Donald na mbwa Goofy wanafuatana na mvulana aliyechorwa kwa mtindo wa Kijapani, na njiani wanapishana na mashujaa wa Final Fantasy kana kwamba wote wamelelewa mtaa mmoja. Mtu akihadithiwa hayo kwa mara ya kwanza hana budi kucheka. Hata sisi tulicheka.

Lililotunyamazisha sisi watu wa visiwani ni mwanzo wake. Mvulana huyo, Sora, mwenye umri wa miaka 14, anaishi kisiwani pamoja na rafiki zake wawili, Riku na Kairi. Wana hamu ya kujua iwapo ng'ambo ya bahari kuna ulimwengu mwingine, basi wanaunda chelezo. Mchezaji hutumwa kukusanya magogo, kamba na kitambaa cha tanga. Siku ya pili hutumwa vyakula vya safari: yai la shakwe, uyoga, nazi, samaki na maji ya kunywa. Kabla chelezo hakijashushwa majini, usiku hutokea tufani, giza likakimeza kisiwa chote, na Sora akajikuta peke yake katika mji uitwao Traverse Town, ambao wakaazi wake wengi ni watu waliopotelewa na makwao.

"Ami," akaniambia binti wa kaka yangu, "wengi huisema vibaya sehemu ile ya kisiwani. Husema ni ya kuchosha, kutwa unatafuta nazi. Mimi naona ndiyo inayoubeba mchezo wote. Ukishazunguka kila pembe ya kisiwa kile, siku kinapozama unahisi umenyang'anywa kitu chako."

Kijana hakukubali. Yeye alianzia mchezo wa tatu, wenye picha safi zaidi na mwendo wa kasi, na huo wa kwanza aliutazama kama sisi tunavyoitazama redio ya mbao.

Katika sifa za mchezo, hata hivyo, hawakutofautiana sana. Ya kwanza ni namna ya kupigana. Katika michezo mingi ya Final Fantasy ya zamani, mchezaji alichagua amri na kungoja zamu yake. Hapa hakuna kungoja. Sora hukimbia, huruka na kupiga kwa silaha yake yenye umbo la ufunguo, huku orodha ya amri ikibaki pembeni mwa kioo kwa ajili ya uganga na dawa. Ya pili ni muziki wa Yoko Shimomura, pamoja na wimbo wa ufunguzi ulioimbwa na Utada Hikaru. Binti alituchezea muziki wa piano unaosikika kabla mchezo haujaanza, na tukakiri kwamba hatukutegemea unyenyekevu wa namna ile kutoka katika mashine ya watoto.

Ya tatu, nayo ndiyo kubwa, ni ule mkutano wenyewe wa hadithi. Upo mji wa Agrabah, wenye jangwa, taa na jini, ambao asili yake ni kisa kilichofuatana na hadithi za Alfu Lela u Lela, zilizosomwa kwa Kiswahili na vizazi kadhaa katika skuli zetu. Upo mwitu wa Tarzan, upo ulimwengu wa chini ya bahari, na upo tumbo la nyangumi. Kila mahali Sora hufika akiwa mgeni, na wenyeji humpokea, humtilia shaka au humfukuza. Binti alisema kwamba mchanganyiko huu ungeweza kuwa mzaha mtupu lau waandishi wake wangeufanyia mzaha. Walichofanya ni kusimulia kwa moyo mmoja, bila ya kukonyeza jicho, huzuni ya mtoto aliyepoteza kwao na anayewatafuta rafiki zake.

Makosa ya mchezo wa kwanza yajulikana, na wachezaji wameyataja tangu mwaka ule ule wa 2002. Kamera inayomfuata Sora ilikuwa na tabia ya kugandama ukutani au kugeukia upande usiotakiwa, hivyo mtu akapigwa na adui asiyemwona. Marekebisho mazuri ya jambo hili yalikuja katika toleo jipya la mwaka 2013. Kuruka kutoka jiwe hadi jiwe kulitia watu hasira. Kusafiri baina ya ulimwengu mmoja na mwingine kwa chombo kiitwacho Gummi kulikuwa kama kupanda gari bovu kila mara unapotaka kwenda harusini. Hayo ni madogo, na mengi yalitengenezwa katika mchezo wa pili, uliotoka Desemba 2005.

Udhia ulio mkubwa ni mwingine, na hapo ndipo mabishano yalipopamba moto.

Mtu aliyemaliza mchezo wa kwanza kisha akanunua wa pili, alikuta Sora amelala usingizi mzito, na kwa saa nzima za mwanzo anamchezesha kijana mwingine kabisa, jina lake Roxas, bila ya kujua ni nani. Ufafanuzi wa usingizi ule ulikuwamo katika mchezo wa kati, Chain of Memories, uliotoka mwaka 2004 kwa mashine ndogo ya mkononi, Game Boy Advance. Habari za huyo Roxas zikaendelezwa mwaka 2009 katika mchezo wa Nintendo DS. Mwaka 2010 asili ya mambo yote ikasimuliwa katika PSP. Mwaka 2012 kipande kingine kikawekwa katika Nintendo 3DS, na mwaka 2013 kingine tena kikatolewa kwa kompyuta kupitia intaneti, kisha kikahamia kwenye simu. Hadithi moja ikatawanywa kama hirizi iliyochanwa, kila kipande mkononi mwa mtu mwingine.

"Mjomba, mimi nilianza na wa tatu," akasema kijana. "Nikamwona mtu analia na mwenziwe analia, mimi nimeshika rimoti simjui yeyote. Nikamuuliza dada, akanieleza kwa nusu saa, na mwisho nikawa sijui zaidi ya nilipoanza."

"Mdogo wangu, uliingia msibani siku ya arubaini," akajibu binti, "halafu unauliza marehemu ni nani."

Tulicheka sote, lakini sisi twaona haki ilikuwa kwa kijana. Msimuliaji anayemtaka msikilizaji wake anunue mashine nyingi ili aifahamu hadithi moja hakumtendea wema. Ni kweli kwamba kampuni, ambayo tangu mwaka 2003 yaitwa Square Enix, ilikusanya vipande hivyo kuanzia mwaka 2013, na mwaka 2017 vikawekwa kwenye PlayStation 4. Lakini hata humo ule mchezo wa DS hauchezwi tena. Umegeuzwa kuwa picha za kutazama tu.

Wachezaji walingoja zaidi ya miaka 13 tangu mchezo wa pili hadi kufika wa tatu, Januari 2019. Zaidi ya nakala milioni 5 zilisambazwa duniani katika siku zake za mwanzo. Kijana aliutetea kwa nguvu. Alitupeleka kwenye bahari ya Karibiani, ambako Sora hukabidhiwa jahazi la mizinga, akatweka matanga, akapita kisiwa hadi kisiwa, akazamia mbizi na kuokota kaa weupe mchangani. Alitupeleka pia katika ulimwengu wa wanasesere wa Toy Story, wanaomngojea mtoto wao Andy asiyerudi. Kisa kile kiliundwa upya kwa ajili ya mchezo, na wachezaji wengi hukihesabu miongoni mwa vilivyo bora.

Binti akamwacha amalize, kisha akamwambia aende Arendelle, nchi ya theluji ya filamu ya Frozen. Huko Sora hupanda mlima, huporomoshwa, hupanda tena na huporomoshwa tena, na wimbo mashuhuri wa filamu huonyeshwa karibu wote huku yeye akisimama kando kama mpita njia. Mambo makubwa ya nchi ile hupita bila yake. Hilo ndilo lalamiko lililorudiwa sana: kwamba mahali pengine Disney imelindwa mno, hata mgeni asiguse kitu. Zaidi ya hayo, mashujaa wa Final Fantasy, waliokuwa nusu ya ahadi ya mwaka 2002, takriban hawakuonekana. Leon, Aerith, Yuffie na Cid walirudishwa mwaka 2020 katika nyongeza iliyouzwa mbali. Mchezo uliozaliwa kwa kukutanisha nyumba mbili ukawa umemsahau mwenyeji mmoja.

Wakubwa wanaosoma safu hii huenda wakauliza haya yawahusu nini. Jibu letu ni hili linalofuata.

Februari 2022 mkusanyiko wa Kingdom Hearts ulipelekwa kwenye Nintendo Switch, lakini kwa namna mpya. Mnunuzi hakupewa mchezo uingie ndani ya mashine yake. Mchezo wenyewe huendeshwa na mitambo iliyo mbali, picha zikaletwa kwa intaneti, na mtandao ukitetereka Sora naye hutetereka. Wachezaji wa nchi zenye mawasiliano madhubuti walilalamika. Mtu wa kisiwani, ambaye mtandao humkatika mara umeme unapokwenda, hana haja ya kuelezewa zaidi. Tena, ule mchezo wa simu uliobeba sehemu ya hadithi ulisimamishwa mwaka 2021, na waliokuwa wamelipia vitu ndani yake wakabaki na picha za kutazama. Wa simu mwingine, uliotarajiwa kuwafuata, ulifutwa Mei 2025 kabla ya kuuzwa.

Huyu basi ni mnunuzi wa aina mpya, anayetoa fedha na hapati kitu cha kuweka kabatini. Jimbo la California huko Marekani lilipitisha mwaka 2024 sheria inayowataka wauzaji wa bidhaa za namna hiyo wamwambie mnunuzi waziwazi kwamba anachopata ni leseni tu, ambayo yaweza kuondolewa. Vijana wetu hununua bidhaa hizi kwa simu kila siku, na fedha zao ni halali kama za mwingine. Wanaoshughulika na biashara na haki za wanunuzi wangefanya vyema kulitazama jambo hili mapema, kabla ya malalamiko hayajafika mezani mwao.

Saa tano ilikuwa imekwisha kupita. Binti akasema ile mashine yake ya PlayStation 2 bado ipo juu ya kabati, imefungwa kanga, na sahani ya mchezo wa kwanza imo ndani; haihitaji mtandao wala ruhusa ya mtu. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasimama kwenda kuifuta vumbi. Tulipoondoka kwenda kulala tulimsikia akiuliza kutoka ukumbini:

"Dada, nazi ngapi?"

"Mbili. Na samaki watatu. Usisahau maji."